Swali la Lugha: Nyimbo za kwenye flashi zinapakiwa au zinapakuliwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina kibanda cha steshenari hapa Kibirizi, Kigoma, jirani na maboti. Natoa fotokopi, napiga chapa barua, najazia vijana fomu za maombi, na jioni kazi kubwa ni nyimbo na muvi. Juu ya mlango fundi ameniandikia hivi: TUNAPAKUWA NYIMBO NA MUVI NA KUPAKIA KWENYE FLASHI NA SIMU. Juzi mwalimu mmoja wa sekondari alisimama akasoma, akacheka. Akasema nimeandika kinyume, kwa sababu kupakia ni kupeleka kitu intaneti, si kukileta. Kulikuwa na mzee aliyebeba mizigo bandarini miaka mingi. Akamjibu kwamba kupakia ni kutia mzigo kwenye chombo, flashi nayo ni chombo, basi kibao kiko sawa. Walibishana mpaka chai ikapoa. Vijana wanasema niachane na yote niandike "tunashusha". Nani amesema kweli? Nauliza kabla sijamwita fundi arudie, maana anatoza kwa herufi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzee wa bandarini mpe kiti na chai nyingine, kwa kuwa maana ya neno anayo yeye. Mwalimu anayo matumizi yake mapya. Wote wamesema kweli, ila kila mmoja alikuwa akitazama chombo chake.

Pakia na pakua ni vitenzi pacha. Kiswahili kina mtindo wa kutengua tendo kwa kugusa mwisho wa kitenzi tu: unachoanika asubuhi, jioni unaanua, sufuria uliyoifunika unaifunua, shimo ulilolifukia, mwenzio analifukua, na hiyo flashi unaichomeka kwenye kompyuta, ukimaliza unaichomoa. Kwa mtindo huohuo, ulichopakia unakipakua. Pakia ni kutia, pakua ni kutoa. Hata majirani zetu wa Rwanda wana pacha hao: wao husema gupakira na gupakurura. Angalia kwamba katika maneno haya hamna juu wala chini, na hamna kwenda wala kurudi. Kuna ndani na nje ya chombo, basi.

Ubishi wenu umeanzia hapo. Wewe uko ziwani, nitakueleza kwa meli. Enzi Liemba ikifanya safari za kusini mpaka Mpulungu, vituo vingi vya njiani havikuwa na gati. Meli ilisimama maji marefu, mitumbwi na maboti yakaizunguka, watu na mizigo wakapitia ubavuni kwa kelele ambazo aliyewahi kuzisikia usiku hazisahau. Sasa chukua gunia moja tu la dagaa linalotoka mtumbwini kuingia melini. Aliyesimama mtumbwini anapakua. Aliyesimama melini anapakia. Gunia ni lilelile, dakika ni ileile, upande linakoelekea ni uleule, na vitenzi vyote viwili ni sahihi.

Wimbo ukitoka intaneti ukaingia kwenye kompyuta yako, hali ni hiyohiyo. Ukiitazama intaneti, wimbo umepakuliwa. Ukiitazama kompyuta, wimbo umepakiwa. Kwa hiyo mzee hakukosea hata chembe katika maana ya asili. Waliokaa kutafuta Kiswahili cha kompyuta ilibidi waamue jambo moja ambalo kamusi za zamani hazikuwahi kuulizwa: kati ya mtandao na kifaa cha mtu, chombo ni kipi? Wakaamua kwamba chombo ni mtandao. Kupakua ikawa ni kutoa kitu mtandaoni ukakileta kwako, na kupakia ikawa ni kutoa kitu kwako ukakitia mtandaoni. Ukiiweka simu yako katika Kiswahili ndivyo utakavyokuta, na faili ulizoleta utaona zimeitwa vipakuliwa.

Mimi naona walichagua vizuri. Mtandao ni wa watu wote na unabeba vya watu wote, kama meli. Simu yako ni ghala lako. Mwenye duka pale Mwanga hasemi "leo nimepakia saruji dukani kwangu" wakati lori ndilo lililoleta saruji. Atasema amepakua lori, hata kama duka limejaa hadi mlangoni. Lakini nikiri kwamba haya ni makubaliano zaidi kuliko mantiki. Barabara yenyewe haimlazimishi dereva apite kushoto. Sisi tumeafikiana kupita kushoto, na ukipita kulia, ubishi wako utausikiliza ukiwa wodini.

Na kwako wewe makubaliano haya yana kazi, hasa kwenye meza ya fomu kuliko kwenye nyimbo. Kijana anayeomba mkopo wa chuo anasoma kwenye kompyuta: "Pakia cheti cha kuzaliwa." Akiichukua maana ya mzee, atadhani anaambiwa aweke cheti kwenye simu yake, atakaa anasubiri kiingie. Kumbe ni yeye anayesubiriwa akitoe. Siku ya mwisho ya maombi, vokali moja, i au u, inaweza kumtoa mtu jasho. Mteja wa namna hiyo mwambie kwa kirefu, "tia cheti chako kwenye fomu," halafu ndipo umfundishe kwamba huko ndiko kupakia.

Pakua ina mguu mwingine, na huo uko jikoni. Kamusi za zamani zinalijua neno hili kwa kazi ya shehena na ya chakula: unapakua meli, unapakua ugali. Nadhani ndiyo sababu limezoeleka upesi kuliko maneno mengi ya kompyuta yaliyotungwa mezani. Kila nyumba hupakua kila siku. Tatizo ni hilo la kuzoeleka lenyewe. Mteja wa kike akikuambia "nipakulie huo wa taarabu", vijana wa nje watacheka, maana "nipakulie" masikioni mwetu inanukia mchuzi wa mgebuka. Waache wacheke. Sarufi haina kosa: pakua, pakulia, pakuliwa. Kucheka kutaisha, neno litabaki.

Msomaji makini anaweza kunishika hapa. Meli ikipakuliwa inabaki tupu, na sufuria ikipakuliwa sana, anayechelewa anakuta ukoko. Wimbo ukiupakua, kule mtandaoni umebaki vilevile, na mtu wa Kasulu anaupakua tena saa hiyohiyo. Kweli. Kinachokuja kwako ni nakala. Kama ningetafuta mfano wa nyumbani unaolingana kabisa, ningechukua ule wa mtoto anayetumwa kwa jirani kuomba kaa la moto: anarudi nao, na jiko la jirani linaendelea kuwaka. Lakini lugha haingoji mfano ulingane kabisa. Jua tunasema linazama, na hakuna aliyewahi kulikuta ziwani.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo mfano wa bandari unalingana kuliko hata waliouchagua walivyodhani. Faili haisafiri nzima. Inakatwa vipande vidogo, kila kipande kinapewa namba na anwani ya kinakokwenda, vinapita njia vitakazozipata, na kifaa chako ndicho kinachovipanga upya kwa kufuata namba. Kipande kimoja kwa kawaida hakizidi baiti 1,500. Kwa hiyo wimbo wa megabaiti 4 unakufikia katika vipande zaidi ya 2,600, na kikipotea kimoja, kinaagizwa tena hicho tu. Sasa kumbuka Liemba ilifikaje hapa. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, ikapanda reli, na mafundi wakaiunga upya hapahapa Kigoma mpaka ikaelea mwaka 1915. Nikiwaeleza wanafunzi habari za vipande vya data, huanzia hapo. Hakuna anayesinzia. (Vipande hivyo wataalamu huviita pakiti. Usidanganyike na sauti ukadhani pakiti ni mtoto wa pakia. Hilo tumelichukua kwa Waingereza, pamoja na pakiti za sigara. Na bando unalonunua ni kifurushi, ambacho ni neno zuri. Kumbuka tu kwamba kinakatwa pande zote, ukipakua na ukipakia.)

Haya, "kushusha". Vijana hawakulitoa hewani. Kiingereza kimejenga maneno yake kwa juu na chini: kompyuta kubwa ya kituo ilihesabiwa iko juu, ya mtu mmoja iko chini, basi kitu kikija kwako kinashuka. Nasi tukafuata, tukapata kushusha na kupandisha. Sina ugomvi na neno, bandarini mizigo inashushwa kila siku. Ila kwenye nyimbo hasa, ambako ndiko biashara yako iliko, shusha imeshachukuliwa na kazi nyingine. Mtu akisema "fulani ameshusha ngoma mpya", kila kijana wa Kigoma anaelewa kwamba msanii ameitoa, ameiachia hewani. Wewe ukiandika TUNASHUSHA NYIMBO, mpita njia ana haki ya kudhani una studio humo ndani. Kwa muvi au fomu shusha haina madhara. Kwa nyimbo, iache.

Kudaunlodi silisemei sana. Watu wanalisema, wanaelewana, na mimi mwenyewe limenitoka mara nyingi nikiwa na haraka. Kwenye kibao ningeandika pakua.

"Nirushie" na "katupia" nazo zisichanganywe humu. Kumrushia mtu picha ni kumpelekea yeye, simu kwa simu au kwenye grupu. Kutupia ni kuibandika hadharani ili watu waione. Yote mawili ndani yake yana kupakia, lakini msemaji hataki kueleza mitambo, anataka kueleza picha imemfikia nani. Ni maneno ya mtaani yenye akili, nami nayapenda kuliko mengi yaliyo kwenye orodha rasmi.

Tuje kwenye flashi, maana ndiyo iliyoleta kesi. Ukishauleta wimbo kwenye kompyuta yako, kisha ukautia kwenye flashi ya mteja, mtandao hauhusiki tena. Meli imeondoka. Makubaliano ya pakia na pakua hayana hukumu hapo, na hapo ndipo mwalimu wako alipozidisha: alichukua sheria ya bandari akaitumia ndani ya ghala. Kinachofanyika ni kunakili, kwa sababu wimbo unabaki kwenye kompyuta na mwingine unaingia kwenye flashi. Ungeutoa kabisa kwenye kompyuta, ingekuwa kuhamisha. Je, kwa maana ya mzee, kusema "napakia flashi" ni kosa? Si kosa. Lakini kibao kimoja chenye pakua ya mtandaoni na pakia ya bandarini kwenye mstari mmoja kitawagombanisha wateja kila wiki, na wewe unauza nyimbo, huuzi ubishi. (Habari ya haki za wenye nyimbo hizo naiacha kando, hukuniuliza.)

Tena wateja wako wenyewe tayari wana neno. Sikiliza wanavyosema wakifika mlangoni: "niwekee nyimbo." Kuweka. Halina makuu, halihitaji kamusi, linafaa flashi, simu, na hata ile redio ya bodaboda. Mtaalamu wa lugha hupenda kupewa nafasi ya kutunga neno jipya, lakini hapa sina cha kutunga.

Limebaki moja ambalo mwalimu hakuliona, au aliliona akakustahi. TUNAPAKUWA haina haja ya W. Tunaandika pakua, chukua, jua, fungua. W hutokea kwenye umbo la kutendwa, nayo hukaa mahali pengine: pakuliwa, chukuliwa, funguliwa. Kosa hili limejaa vibao vya Ujiji mpaka Mwandiga, kwa hiyo usione haya, ila usiliache.

Kibao chako kisomeke hivi: TUNAPAKUA NYIMBO NA MUVI NA KUWEKA KWENYE FLASHI NA SIMU. Fundi akitaka kukutoza W ya KUWEKA kama herufi mpya, mwoneshe ile anayoifuta kwenye TUNAPAKUWA.