Niliingia sita wa mwisho, sikushinda: niandike?

*Jambo Mwalimu. Ninaandika hadithi fupi, ninakaa Kadutu. Mwaka jana hadithi yangu iliingia kati ya sita za mwisho katika shindano moja la Kiswahili, tuzo ikaenda kwa mwingine. Sasa jarida moja limekubali kazi yangu na linaniomba wasifu wa maneno 50. Niliweka habari ya hiyo orodha. Kaka yangu akaisoma, akacheka: "Kwa hiyo unatangaza kwamba ulishindwa?" Niiache au niifute?*
*Dada wa Kadutu, Bukavu*

Jambo dada. Iache. Na kaka umwambie hivi: mwaka 1994 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliingia kati ya sita wa mwisho wa Booker, tuzo ya riwaya kule Uingereza. Tuzo akapewa James Kelman. Miaka 27 baadaye Gurnah akapewa Nobel ya fasihi, na waliomtambulisha kwa wasomaji bado waliitaja ile ya 1994. Hakuna aliyecheka.

Ila kuna namna ya kuiandika, na hapo nimewahi kuaibika mwenyewe. Kitabu changu cha kwanza cha mashairi nilikipigisha chapa kwenye sekretariati moja, duka la kuchapa na fotokopi, karibu na Nyawera, nakala 100. Nyuma ya jalada nikaweka kwa herufi nene: "Finalisti wa tuzo ya kimataifa." Kumbe nilikuwa nimeishia orodha ya kwanza, ile ndefu. Siku ya kukitambulisha, mwalimu mmoja mstaafu kutoka Bagira alikigeuza kitabu, akavua miwani, akaniuliza mbele ya watu: "Mlikuwa wangapi?" Nikameza mate. Arobaini na tatu. "Na mwaka gani?" Hata mwaka sikuuandika. Mzee akakirudisha mezani taratibu, kama mtu anayerudisha nyanya iliyobonyea. Usiku ule nilikaa na biki nyeusi nikifuta ule mstari, nakala moja moja, 71 zilizobaki.

Hilo neno "finalisti" liogope. Kwanza, hapa kwetu finalisti ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari anayengojea diploma ya Serikali! Pili, linaficha ngazi. Orodha ndefu ni ndefu, fupi ni fupi. Booker, kwa mfano, huanza na vitabu 12 au 13, kisha hubaki 6. Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi, mwaka 2016 riwaya yake iliingia orodha ndefu ya tuzo ya kimataifa ya Booker. Haikufika fupi. Ukisema "orodha ndefu" umesema kweli, na heshima yake ipo palepale. Wewe ulifika fupi, basi andika hivyo: orodha fupi, jina kamili la shindano, mwaka. Mstari mmoja unatosha. Usiongeze "maarufu" wala "la kifahari".

Kushiriki tu, usiandike. Barua ya "tumepokea kazi yako" wanaipata wote. Na ukimwona mtu anajiita "mteule wa Nobel", mcheke wewe: majina yanayopendekezwa kwa Nobel hufungiwa miaka 50, sasa yeye nani kamwonyesha?

Kuna pia mashindano ambayo huwa siyapendi. Unalipa ada, "orodha fupi" ina watu themanini, kisha kila mmoja anaombwa anunue kitabu chenye majina yao. Hiyo hata ukiwa na risiti, mzee wa Bagira atakuuliza mlikuwa wangapi. Na lile shindano la kartye ulipokuwa sekondari, mwachie mama alisimulie.

Kitu kimoja barua yako haikusema: hadithi yenyewe imechapishwa? Rudia kusoma masharti ya shindano. Kama waandaaji hawakuchukua haki ya kuichapa, bado ni yako, na mimi ningeituma kwa jarida hilohilo linalokuomba wasifu. Wameshakukubali mara moja.