Wameopolewa au wameokolewa?

Swali: Mwalimu, salaam. Katika taarifa ya saa moja jioni nilisikia kwamba "wahamiaji haramu wameopolewa" katika Bahari ya Mediterania, kisha meli iliyowachukua ikanyimwa ruhusa ya kutia nanga. Mke wangu anasema ilipaswa kuwa "wameokolewa". Nani yuko sahihi? (Msomaji, Umoja, Nairobi)

Jibu: Kwa kitenzi, mtangazaji yuko sahihi, ingawa najua kilichomkera mkeo.

Kuopoa ni kutoa kilichotumbukia. Juzi funguo zangu zilianguka mtaroni River Road. Kijana wa mkokoteni akakunja waya, akalala kifudifudi, akaziopoa. Gari lililotumbukia kivukoni Likoni Septemba 2019 liliopolewa Oktoba, na waliokuwemo walikwisha kufa. Kuopoa hakuulizi uhai. Kilichokuwa majini kikishatoka, basi, kazi imekwisha.

Kuokoa ni kumtoa mtu hatarini, na hatari haiishi nguo zikikauka. Hapa sheria na Kiswahili vinakubaliana vizuri mno. Mkataba wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji baharini, wa Hamburg 1979, unasema uokoaji ni kuwatoa watu walio hatarini, kuwapa matibabu na mahitaji ya kwanza, na kuwafikisha mahali salama. Kuopoa ni mwanzo tu. Agosti 2001 meli ya Norwe iitwayo Tampa iliwachukua watu zaidi ya 400, wengi wao Waafghani, kutoka mashua iliyoharibika kaskazini mwa Kisiwa cha Christmas, kilicho chini ya Australia katika Bahari ya Hindi. Australia ikakataa wasishuke. Siku zikapita wako kwenye sitaha, kati ya makontena, mpaka baadaye wengine wakapelekwa Nauru na wengine New Zealand. Kuopolewa walikuwa wameopolewa, kuokolewa, bado.

Kwa hiyo meli ikiwa ingali inazungushwa baharini, "wameopolewa" ndilo neno la kweli. Lakini ukitaja wajibu wa nchi, sema kuokoa, wala usiseme "msaada wa hisani". Ibara ya 98 ya Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Kenya iliuridhia 1989, inaitaka kila nchi imlazimishe nahodha wa meli yenye bendera yake kumsaidia mtu yeyote aliye katika hatari ya kupotea baharini. Nchi za pwani nazo ziwe na huduma ya uokoaji. Yetu iko Mombasa.

Ninalomlaumu mtangazaji ni "haramu". Bidhaa huwa haramu, biashara huwa haramu. Mtu anayetapika maji ya chumvi hajahojiwa na yeyote. Huenda ni mkimbizi, na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unakataza kumrudisha mkimbizi anakotishiwa uhai. Hilo litajulikana akishasikilizwa, nchi kavu. Ibara ya 98 imesema "mtu yeyote", nami ningeandika hivyo hivyo: "Watu waliokuwa wakifa maji wameopolewa; bado hawajapata pa kushuka."

Msalimie mkeo.