Bi Karani Ajibu: "Eti mdogo wangu atafungwa miaka kumi?"

SWALI: Shikamoo Bi Karani. Mdogo wangu ni dereva wa tuktuk hapa Kisauni. Mwezi uliopita watu wawili waliovaa kiraia walimsimamisha, mmoja akanyakua ufunguo. Yeye akadhani ni wezi, akamshika mkono yule mtu, wakavutana hata shati likapasuka. Hapo ndipo pingu zikatoka. Ameshtakiwa katika korti ya Shanzu kwa kukataa kukamatwa. Alikana, akatoka kwa dhamana ya shilingi 20,000 pesa taslimu. Sasa kuna bwana mmoja hapo nje ya korti anamwambia akubali tu, atapigwa faini kidogo yaishe, la sivyo ni miaka kumi. Mama hali chakula. Kesi hizi hapa Mombasa huishaje? — Dada mtu, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie mama ale.

Hiyo miaka kumi haikutungwa. Imo katika kifungu cha 103 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011: anayemshambulia, kumpinga au kumzuia kwa makusudi askari aliye kazini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka kumi, au vyote viwili. Wakati mwingine kiongozi wa mashtaka hutumia kifungu cha 253 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho kikomo chake ni miaka mitano. Kwa hiyo kabla ya lolote soma hati ya mashtaka uone kijana ameshikwa kwa kifungu kipi. Halafu soma tena lile neno "kisichozidi". Hicho ni kikomo. Hakimu anaweza kushuka chini yake hadi kumwachilia mtu kwa sharti la kutorudia kosa, chini ya kifungu cha 35 cha Kanuni hiyo ya Adhabu.

Nilikaa mbele ya mahakimu wa mji huu nikisoma mashtaka na kutafsiri hadi nilipostaafu, na sikumbuki hata mmoja aliyepewa miaka kumi kwa kuvutana shati. Waliokwenda jela ya Shimo la Tewa ni waliomkata askari panga, waliomvunja jino, au waliokuwa na hatia za nyuma. Wengine ilikuwa faini, probesheni, au kufagia na kufyeka kwenye ofisi za serikali chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998. Nyingine hazikufika hukumu kabisa: askari mlalamishi amehamishwa, haji leo, haji kesho, hakimu anachoka.

Faini nayo ina meno. Asiyelipa hufungwa badala yake, na kwa kawaida faini ya zaidi ya shilingi 15,000 hadi 50,000 hubeba kifungo kisichozidi miezi 6, ikipita 50,000 inaweza kufika miezi 12. "Faini kidogo" ya huyo bwana ni kidogo kwa nani? Yeye si wakili, nina hakika, kwa sababu wakili angeuliza kwanza kilichotokea.

Na kilichotokea ndicho kesi yenyewe. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba askari alikuwa akitekeleza kazi yake kihalali, na kwamba kijana alimpinga makusudi. Walijitambulisha? Walimwambia anakamatwa kwa nini, kama Ibara ya 49 ya Katiba inavyotaka? Mtu anayedhani anaibiwa tuktuk ana jambo la kumweleza hakimu. Lakini msije mkajidanganya pia: ukamataji unaweza kuwa halali hata kama kosa la kwanza halikuthibitishwa baadaye. Askari anahitaji sababu ya maana ya kumshuku mtu, si lazima awe amepatia. Kwa hiyo kusema "mimi sikuwa na kosa" hakutoshi. Swali ni alijua, au alipaswa kujua, kwamba hao ni askari. Na kama alizidi kuvutana baada ya kuona pingu, mambo yanabadilika. Mwulize hilo akiwa peke yake, bila mama kusikia.

Sasa huu ushauri wa kukubali. Ataruhusiwa kubadilisha jibu wakati wowote kabla ya hukumu. Karani atasoma shtaka upya, naye atasema "ni kweli". Haiishii hapo. Kiongozi wa mashtaka atasimulia ilivyokuwa, na kijana ataulizwa kama maelezo hayo ni ya kweli. Utaratibu huo umeshikwa tangu kesi ya Adan ya mwaka 1973. Hapo ndipo nimewaona wengi wakisema, "Ni kweli mheshimiwa, lakini nilidhani ni wezi." Hilo "lakini" linatosha: hakimu mwangalifu huandika kwamba amekana, na mnarudi mlikoanzia. Asipolisema, amepatikana na hatia, na hatia hiyo itamngoja siku atakapotaka cheti cha polisi cha tabia njema. Mnajua vijana wangapi wa Kisauni wanakitafuta hicho cheti waende Qatar na Saudia.

Mimi ningemwacha na "si kweli" yake. Muombe korti nakala za taarifa za mashahidi na kile kilichoandikwa katika OB, kile kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Ni haki yake chini ya Ibara ya 50. Mtafuteni abiria aliyekuwa kwenye tuktuk, na wenziwe wa steji walioona. Duka lililo karibu likiwa na kamera, nendeni leo, maana picha hufutwa. Wakili akiwashinda bei, kuna msaada wa kisheria wa serikali chini ya sheria ya mwaka 2016. Na asikose tarehe hata moja! Nimeona kesi nyepesi zikigeuka nzito kwa sababu mshtakiwa alilala, ikatolewa hati ya kumkamata na dhamana ikapotea.

Risiti ya zile 20,000 iwekeni pazuri. Akiachiliwa, zinarudishwa. Akipigwa faini, anaweza kuomba zikatwe humo.

SWALI: Ndugu yangu alikubali shtaka kama hilo akafungwa miezi minane. Tunaweza kukata rufaa? — Changamwe

JIBU: Kwa kawaida aliyekubali hawezi kupinga hatia, kifungu cha 348 cha Kanuni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamzuia. Anaweza kupinga ukubwa wa adhabu au uhalali wake, katika Mahakama Kuu, ndani ya siku 14. Kama siku zimepita, aombe ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda, na aeleze kwa nini alichelewa. Si lazima muwe na wakili kuanza: amwandikie mkuu wa jela, naye ndiye wa kuipeleka kortini. Ikiwa alikaa rumande kabla ya hukumu na hakimu hakuzihesabu siku hizo, aanze na hilo, kwa sababu kifungu cha 333(2) kinataka zihesabiwe.