Usinunue kabureta kabla hujapima vakyumu

Mkuu, hiyo hela iache mfukoni kwanza. Umesema injini yako ya zamani inatetemeka usipokanyaga mafuta, ukikanyaga inatulia, pedali ya breki imekuwa ngumu, na fundi ameshatoa hukumu: kabureta imekufa, leta nyingine. Ukauliza pia ununue plagi za aina gani na kwa nini petroli inakwisha haraka. Mimi niliambiwa maneno hayohayo, kwa uhakika huohuo, yakanifikisha kwenye kushusha silinda hedi.

Angalia breki. Jeti ya kabureta, yaani kitundu kinachopitisha petroli, ikiziba, injini inaweza kutetemeka hivyohivyo, lakini jeti haiwezi kufanya pedali iwe ngumu. Busta ya breki, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, inafanya kazi kwa uvutaji wa injini, yaani vakyumu, kupitia ule mpira mnene unaotoka kwenye manifoldi, mabomba yanayopeleka hewa na petroli kwenye silinda. Vitu viwili vikiharibika pamoja, tafuta kinachoviunganisha. Ukiachia mafuta, kilango cha kabureta kinakaribia kufunga, hewa inayopita ni kidogo na injini inanyonya kwa nguvu. Hapo ufa mdogo tu unaingiza hewa ambayo haikupimiwa petroli. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haisikiki tena. Haijaondoka, imefunikwa tu.

Fundi wangu alifunga kabureta mpya, mtetemo ukabaki palepale. Badala ya kurudi nyuma na kufikiri, alichukua bisibisi akafungua skrubu ya mchanganyiko, petroli ikaongezeka mpaka injini ikatulia, akaniita nisikilize. Kumbe gasketi ya manifoldi ilikuwa inavuja kwenye njia ya silinda moja. Silinda tatu sasa zikawa zinalewa petroli, na ile moja bado inachoma kavu, hewa nyingi petroli kidogo. Plagi zilikuwa zimeandika kila kitu: tatu zina masizi meusi, moja nyeupe kama chokaa. Zilifunguliwa, zikapigwa brashi, zikarudishwa, hakuna aliyeuliza kwa nini moja hailingani na wenzake. Nikaendesha hivyo hadi vali ya moshi ya silinda hiyo ikaungua na kompresheni ikapotea. Kosa la gasketi, kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha, likalipiwa kwa kabureta, hedi na vali.

Muuza vipuri alikataa kupokea kabureta iliyokwisha kufungwa, na simlaumu. Hasira yangu iko kwa mtu anayeshika bisibisi kabla ya kupima. Skrubu ya mchanganyiko inaweza kuficha karibu kila uvujaji kwa muda, na mteja anaondoka akishukuru.

Kwa hiyo: mtu yeyote asiguse kabureta mpaka geji ya vakyumu iwe imeunganishwa kwenye manifoldi na injini imepata moto. Injini isiyo na kasoro, kwenye usawa wa bahari, husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki, na sindano imetulia. Kila ukipanda mita 300 hivi toa inchi moja, kwa hiyo ukiwa nyanda za juu usishtuke. Sindano ikikaa chini bila kuyumba, ni uvujaji au taimingi iliyochelewa, yaani plagi zinatoa cheche kwa kuchelewa. Ikidondoka kwa mpigo uleule kila mara, shuku vali.

Ikikaa chini, bana mipira mmoja mmoja kwa koleo lililofungwa kitambaa. Anza na ule wa busta. Ukiubana mngurumo ukabadilika na geji ikapanda, umempata mwizi: ni mpira, au ni diaframu (utando wa ndani) ya busta yenyewe. Jaribio hili lifanye gari limesimama tu, maana mpira ukibanwa breki hazina msaada. Kisha zima injini, kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, endelea kuikanyaga, washa. Pedali isipozama kidogo, busta haipati uvutaji au imekufa. Mipira ipapase kwa chini na kwenye mikunjo, kwa sababu ya zamani hupasuka upande usiouona. Ule wa distribyuta, kile kinachogawa umeme kwa plagi, uchomoe upande wa kabureta, unyonye kwa mdomo, ziba kwa ulimi: ukilegea, diaframu imetoboka.

Kwenye gasketi, nyunyiza maji kama ukungu kwenye maungio, mbali na distribyuta na waya za plagi. Injini ikibadilika ghafla, ni hapo. Watu watakuambia upulize dawa ya kusafishia kabureta. Inaonyesha vizuri, lakini kwenye injini nyingi za zamani ekzosi iko chini ya manifoldi hapohapo, na dawa ile inashika moto. Maji yanatosha.

Plagi usinunue bado. Zifungue ulizonazo, zipange kwa namba ya silinda, zipige picha kabla mtu hajazisafisha. Niandikie geji inasoma ngapi na hizo plagi zina rangi gani, tuendelee kutoka hapo.