Kwa Nini Nipungue Kabla ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito?

SWALI: Daktari, nimekubaliwa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, lakini nimeagizwa nifuate mlo mkali kwa wiki mbili kabla, tena niache sigara. Ningekuwa na uwezo wa kujipunguza mwenyewe, ningetafuta upasuaji wa nini? – Msomaji wa kike, miaka 34

JIBU: Ndugu msomaji, una haki ya kuuliza. Mlo huo unalenga ini lako. Kwa mtu mwenye uzito mkubwa, ini mara nyingi hujaa mafuta na kutanuka, na upande wake wa kushoto hufunika mfuko wa chakula, mahali hasa ambapo mpasuaji anatakiwa kufika kwa vifaa vyembamba vinavyopitishwa kwenye matundu madogo. Ini la namna hiyo ni zito kuliinua na huvuja damu kwa urahisi, hata pengine mpasuaji hulazimika kufungua tumbo lote au kuahirisha kazi. Ukipunguza wanga na mafuta kwa siku hizo chache, ini hutumia akiba yake na kusinyaa, nawe unakuwa salama zaidi kwenye meza ya upasuaji. Nakusihi, kama unatumia dawa za kisukari, usianze mlo huo kabla dozi hazijapangwa upya, maana sukari inaweza kushuka ghafla.

Sigara huchelewesha kidonda kupona na huongeza hatari ya damu kuganda na ya mapafu kupata matatizo baada ya usingizi wa dawa.

Uliza pia ni upasuaji wa aina gani. Katika ule wa kukata mfuko wa chakula, karibu asilimia 80 ya mfuko huondolewa na hairudi. Katika ule wa kuunganisha utumbo na kifuko kidogo kinachotengenezwa juu ya mfuko wa chakula, chakula hupita kando ya sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo, kwa hiyo mwili hufyonza madini ya chuma, kalisi na vitamini B12 kwa shida. Kwa vyovyote vile, utameza vitamini na kupimwa damu maisha yako yote, jambo ambalo naona wagonjwa hawaelezwi vya kutosha. Kwa umri wako, panga pia uzazi: mimba husubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, na uzito unapopungua uwezo wa kushika mimba huongezeka, hivyo chagua njia ya kuzuia mimba kabla ya kulazwa, na umuulize daktari kama vidonge vitakufaa.