Mgao tunatuma kila mwaka, tunapata nini?

Pole ndugu, nimekuelewa, nyie Wakongomani wa kanisa la Methodisti wa Muungano hapo Iowa mnatuma mgao, yaani mchango wa kanisa lenu kwa dhehebu, kila mwaka na hamwoni kinachorudi, hata sisi tulinung'unika hivyo hivyo mpaka tukajua pa kubisha hodi. Anza na msimamizi wa wilaya, usirukie ofisi za dhehebu kule Nashville moja kwa moja, ruzuku nyingi zinapitia konferensi ya mwaka, yaani uongozi wa makanisa ya eneo lenu. Discipleship Ministries, shirika la dhehebu letu, wana mafunzo ya viongozi, mengine bure kabisa mtandaoni, sisi ndo tulianzia hapo. Mafuriko yakiwapiga kuna UMCOR, shirika la misaada la dhehebu, wapo tangu 1940, nao wanaingia kwa kushirikiana na konferensi. Ila jengo msikimbilie kununua, mali ya Methodisti wa Muungano inashikwa kwa amana ya dhehebu zima, yaani haiwi yenu peke yenu, muoneni mwanasheria kwanza kabla hamjasaini chochote.