Redio ya Marehemu Baba Inakwaruza

SWALI: Redio ndogo aliyoniachia baba inakwaruza kila nikiongeza sauti, na penye betri pana unga mweupe. Niitupe?

JIBU: Usiitupe, ndugu yangu! Unga huo ni kemikali ya betri za alkali zilizovuja. Toa betri, vaa glavu, sugua vichuma kwa pamba yenye siki kidogo, kisha panguza kwa spiriti na uache vikauke kabisa. Mkwaruzo ni uchafu ndani ya kidude cha kuzungushia sauti. Pulizia humo dawa ya kusafishia swichi, ukizungushe mwanzo hadi mwisho mara 20 au 30. Yangu ilitulia siku hiyohiyo, nikafurahi mno. Ila zile koili ndogo (nyaya zilizoviringwa) ndani ya redio, zenye skrubu za rangi, usiziguse kamwe: ukizizungusha, stesheni zinahama.